Ulezi wa Nafaka na Ulezi wa Mwana

Katika Kiswahili neno ulezi lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kazi ya kulea mtoto. Maana ya pili ni nafaka ile ndogo nyekundu ambayo husagwa unga wa uji, na ambayo huoteshwa kimea cha pombe na cha togwa. Yamkini maneno haya mawili yalitoka katika mashina mbalimbali, yakakutana kwa bahati katika sauti moja. Kwa hiyo haifai kujenga hoja kubwa juu ya mkutano huo. Lakini historia ya mama wenye watoto wadogo katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania yaonyesha kwamba nafaka hii na kazi hii zilikutana katika maisha kama zilivyokutana katika lugha, na kwamba mkutano wao una fundisho ambalo halijapitwa na wakati.

Mbebe ni kata mojawapo ya Wilaya ya Ileje. Kusini mwa wilaya hiyo Mto Songwe hutenga Tanzania na Malawi, na mji mkubwa wa mpaka katika mkoa ni Tunduma, mlangoni pa Zambia. Mkoa wa Songwe wenyewe ni mgeni katika ramani, maana ulizaliwa mwaka 2016 Mkoa wa Mbeya ulipogawanywa. Watu wake si wageni. Wandali, Wamalila, Walambya na Wanyiha wamelima katika milima na mabonde haya tangu kabla ya kufika Wadachi, na mwanachuoni Monica Wilson aliwaandika katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya watu wa ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Katika maandishi ya namna hiyo, na katika mengi yaliyotangulia, msomaji hupata habari za machifu, mipaka, mahari, matambiko na mashamba. Jambo moja ni haba sana: mama aliyekuwa na mtoto wa miezi minane alifanyaje kazi za siku nzima, na mtoto huyo alikula nini, mara ngapi, kwa mkono wa nani? Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, kila chifu na kila mkulima aliyeandikwa katika vitabu hivyo alikuwa kwanza mtoto wa miezi minane, na kama swali hilo lisingalipata jibu siku ile, asingaliishi akaandikwa.

Majibu ya kale yalikuwa matatu, na yote yalikuwa ya akili nyingi. La kwanza lilikuwa mbeleko. Kabla nguo za madukani hazijaenea, ngozi laini ya mnyama ndiyo iliyomfunga mtoto mgongoni. Baadaye zikafuata nguo za pamba, na mwisho kanga na kitenge. Mbeleko ilimwachia mama mikono yake miwili, ikampa mtoto joto, na ikamlaza kwa mwendo wa mwili wa mzazi. Ni chombo rahisi kuliko vyote, wala hakuna aliyeweza kutaja jina la mwanamke aliyekivumbua. La pili lilikuwa mkono wa mtu mwingine. Dada mkubwa wa miaka minane au kumi, shangazi asiyeolewa na nyanya aliyechoka jembe walishika mtoto wakati mama alipokuwa shambani. Waswahili wamelitia jambo hilo katika methali fupi: mkono mmoja haulei mwana. La tatu lilikuwa ulezi wenyewe.

Ulezi ulikuwa nafaka ya heshima katika ukanda huu. Wanyamwanga na Wanyiha walikata matawi ya miti, wakayakusanya, wakayachoma, na wakapanda mbegu katika majivu. Jirani zao Wabemba, ng'ambo ya mpaka, walisifika kwa kilimo cha namna iyo hiyo. Nafaka hii ina fadhili mbili ambazo nyingine hazina. Punje zake ni ndogo na ngumu, kwa hiyo wadudu hawaziharibu upesi, na ghala la ulezi laweza kukaa miaka mingi likingojea njaa. Tena huota vizuri kuliko nafaka nyingi, na kwa sababu hiyo hutoa kimea chenye nguvu.

Kazi ya kutengeneza kimea ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamke aliloweka ulezi usiku kucha, akauchuja, akaufunika kwa majani au gunia mahali penye joto na kivuli, akaunyunyizia maji, akangoja siku mbili tatu mpaka vichipukizi vikatokeza. Kisha aliuanika juani, akaupekecha kwa viganja ili kuondoa vijizizi, akausaga juu ya jiwe. Unga huo ulipotiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, jambo la ajabu lilitendeka: uji uliosimama kama ugali ulilegea mbele ya macho yake, ukawa maji maji na utamu. Ukiachwa usiku mmoja ulikuwa togwa, kinywaji ambacho wazee na watoto walikinywa bila kulewa. Ukiachwa siku zaidi na kutengenezwa kwa ufundi zaidi ulikuwa pombe. Katika nchi za Rungwe na Mbeya pombe ya ulezi yaitwa kimpumu, nayo hunywewa kwa mirija. Hapana shaka kwamba mwanamke aliyepika pombe alijua kwa uzoefu tabia ya kimea vizuri kama mkemia yeyote, ingawa hakuwa na majina ya kikemia ya kuyaita aliyoyaona.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wenzao wa Scotland walikuwa wamekwisha kuweka vituo upande wa Nyasa. Walileta shule, vitabu na dawa, na hospitali ya Isoko katika Ileje ni mojawapo ya matunda ya kazi yao. Lakini makanisa mengi ya kimisheni yalikataza waumini wake pombe, na katazo hilo, ingawa lilikuwa na hekima yake kwa mlevi, halikutenga sana baina ya chungu cha pombe na kimea kilichokitangulia. Kimea kikawa na harufu mbaya katika pua ya adabu mpya. Mama mkristo aliyetaka kuonekana mwema hakupenda kuonekana anaanika kimea uani.

Serikali ya Uingereza nayo ilileta maarifa yake. Baada ya vita ya pili ya dunia idara ya ustawi wa jamii ilianza kazi, na mwaka 1951 likaundwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika, ambalo viongozi wake wa kwanza walikuwa hasa wake wa Wazungu. Klabu za wanawake zilifundisha kushona, kufuma, kuoka, usafi wa nyumba na kuogesha mtoto. Mafunzo hayo yalikuwa na faida. Mama aliyejifunza kuchemsha maji ya kunywa alijifunza jambo la kuokoa maisha. Lakini msingi wake ulikuwa dhana moja ambayo haikuchunguzwa, nayo ni kwamba kilichopungua kwa mama wa Kiafrika ni maarifa. Aliyefundisha alidhani kwamba mtoto hakupewa chakula bora kwa sababu mama hakujua chakula bora. Dhana hii haikuondoka na bendera ya Uingereza, na kwa kiasi fulani ingali hai.

Tanganyika ilipopata uhuru, wanawake walikuwa wamefanya kazi kubwa katika kuupigania, na mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bibi Titi Mohamed. Umoja huo ulichukua klabu za zamani na kuziongezea jambo jipya: vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilisema waziwazi jambo ambalo klabu za kushona hazikulisema. Lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, wakati ambapo wanaume wengi wa vijijini hupumzika sehemu kubwa ya maisha yao. Maneno hayo yalikuwa mazito, na kama yangefuatwa mpaka jikoni, yangaligeuza fikira zote juu ya lishe ya watoto.

Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya kampeni. Mwaka 1973 redio ilitangaza masomo ya kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza, kuzungumza, kisha kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Katika mwaka huo wa 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na Daktari Tumsifu Maletnlema akawa kiongozi wake. Zahanati ziliongezeka, na mama alipewa kadi ya kliniki yenye njia za rangi: kijani kwa mtoto anayekua vema, kijivu kwa mtoto aliyepungua uzito, na nyekundu kwa mtoto aliye hatarini. Wazo la kadi ya namna hii lilitoka Afrika Magharibi, ambako Daktari David Morley alilitumia katika kijiji cha Imesi, Nigeria, katika miaka ya 1950. Uzuri wake ni kwamba kadi hukaa kwa mama. Si siri ya daktari, bali ni macho ya mzazi, maana humwezesha kuona kupungua kwa mtoto kabla mwili haujaonyesha dalili.

Katika miaka iyo hiyo, hata hivyo, mambo mawili mema yalimpunguzia mama msaada wake wa kale. Jambo la kwanza ni shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1977 watoto kwa mamia ya maelfu waliingia darasani. Miongoni mwao alikuwamo dada wa miaka minane, aliyekuwa akimshika mdogo wake kivulini pembeni mwa shamba. Hakuna mtu mwenye akili atakayejuta msichana kwenda shule. Lakini mkono wake ulipoondoka, haukuletwa mkono mwingine badala yake, wala hapakuwa na aliyehesabu upungufu huo. Jambo la pili ni mahindi. Nyanda za juu za kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, zilihimizwa kulima mahindi kwa mbegu bora na mbolea, zikawa ghala la taifa. Ulezi, ambao palizi yake ni ya kuchosha mgongo na mavuno yake ni kidogo kwa eka, ulirudi nyuma ukawa zao la kando, la kutengenezea pombe ya kuuza.

Hivyo mtoto aliyelikizwa alipewa uji wa mahindi, na hapa ndipo tatizo lilipojificha. Wanga wa nafaka ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Unga kidogo tu hutosha kufanya uji kuwa mzito, na mama akitaka mtoto aweze kuumeza huongeza maji. Matokeo yake ni bakuli lililojaa maji mengi na chakula kidogo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo mno; huweza kujaa, akanyamaza, akalala, naye hajapata nguvu za kumtosha. Kuna njia mbili za kutoka katika shida hii. Ama mtoto alishwe mara nyingi, nne au tano kwa siku, ama uji wake ubebe chakula kingi zaidi katika kila kijiko. Njia ya kwanza yataka muda. Njia ya pili yataka ufundi.

Ufundi huo ulikuwamo katika chungu cha pombe. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walitoa makala ya kisayansi kuhusu vyakula vya kulikizia vinavyotengenezwa kwa unga wa nafaka zilizooteshwa. Walieleza kwamba kimea kina vimeng'enya ambavyo hukata minyororo ya wanga, na kwamba kijiko kidogo cha kimea kikikorogwa katika uji mzito wenye uvuguvugu huulainisha kwa dakika chache. Kwa hiyo mama aweza kupika uji wenye unga mara mbili au zaidi ya ule wa kawaida, kisha akaulegeza bila kuongeza maji. Tena kuotesha nafaka hupunguza vitu vinavyozuia mwili kuchukua madini ya chuma. Ulezi ulionekana kufaa kuliko mtama, maana mtama ukioteshwa hutoa sumu kidogo ndani ya vichipukizi vyake, na hauna budi kutengenezwa kwa uangalifu. Mwezi Oktoba 1987 wataalamu wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika walikutana Nairobi kuzungumza juu ya chakula cha watoto wadogo, na kimea kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotazamwa sana. Watafiti wengine, wakiwamo Wilbald Lorri na Rose Kingamkono, waliendelea kuchunguza uji uliochachushwa na togwa, wakaonyesha kwamba uchachu wake huzuia vijidudu vya kuharisha. Kwa maneno mengine, kinywaji ambacho nyanya aliwapa wajukuu kiliingia maabara na kutoka na cheti.

Lakini uvumbuzi huo ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya unga wa nguvu. Jina hilo laonekana kuwa jambo dogo, walakini lina historia nzima ndani yake. Kimea kilikuwa na jina tayari, tena jina ambalo kila mwanamke wa Ileje alilifahamu. Ila jina hilo lilikuwa limeshikamana na pombe, na pombe imekwisha kuhukumiwa na kanisa na ofisi. Ikawa maarifa ya wanawake yalivuliwa nguo zake, yakavishwa nyingine, kisha yakarudishwa kwa wanawake hao kama zawadi ya wageni. Mama aliyesikia katika kliniki habari za unga mpya wa ajabu hakuambiwa kwamba ndio ule ule wa mama yake.

Kwa upande wa mashariki, Mkoa wa Mbeya, ambao Mbebe ilikuwa ndani yake wakati huo, ulipakana na Mkoa wa Iringa. Huko mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Mpango huo wastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa historia ya jamii, kwa sababu haukuanza kwa kufundisha, bali kwa kuuliza. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa hadharani, katika siku ya afya ya kijiji, kwa mizani ya kuning'iniza. Hesabu zilisomwa mbele ya wazazi na viongozi: watoto wangapi wako katika kijani, wangapi katika kijivu, wangapi katika nyekundu, na kwa nini. Kisha kijiji kiliamua la kufanya, na baada ya miezi mitatu kikapima tena kuona kama uamuzi ulifaa. Kupima, kuchambua, kutenda. Mzunguko huo ndio uliokuwa roho ya mpango.

Uchambuzi ulipofanywa kwa uaminifu, jibu lililojirudia katika vijiji vingi halikuwa njaa wala ujinga. Chakula kilikuwapo ghalani. Mama alijua kwamba mtoto ahitaji kula mara nyingi. Lakini aliondoka alfajiri kwenda shambani, akarudi mchana kuchelewa, akaenda mtoni, akatafuta kuni, akatwanga, akapika. Mtoto alikula mara mbili, asubuhi kiporo na usiku ugali. Kwa hiyo vijiji vilianzisha vituo vya kulishia watoto mchana, ambamo wanawake waliochaguliwa waliwapikia watoto uji, huku wazazi wakichanga unga, karanga na maharage. Mizani, kadi, uji, kimea, kituo cha mchana na mhudumu wa afya wa kijiji vilifanya kazi pamoja. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo walipungua kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8, na wenye uzito pungufu kwa jumla kutoka asilimia 56 hivi hadi 38. Ni mara chache katika historia ya Afrika kupungua kwa namna hiyo kumeandikwa katika muda mfupi hivyo.

Wapo waliosema kwamba siri ya Iringa ilikuwa fedha za wageni, na wapo waliosema kwamba ilikuwa siasa ya kijiji. Hoja zote mbili zina ukweli. Lakini ukitazama kwa makini kila kilichofanyika, utaona kwamba kilichogawiwa zaidi kilikuwa muda na mikono. Kituo cha mchana kilimrudishia mama mkono wa dada aliyekwenda shule. Mashine ya kusaga, ilipokuwapo, ilimrudishia saa za jiwe na kinu. Hata kimea, kwa maana yake halisi, ni muda uliowekwa akiba: mama hufanya kazi siku chache mara moja, kisha kwa majuma kadhaa kila bakuli moja hufanya kazi ya mawili. Na pale ambapo kimea kilishindwa kuenea, sababu moja yaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kukitengeneza. Kuloweka, kufunika, kunyunyizia, kuanika, kupekecha na kusaga ni kazi ya siku tano sita, na mama ambaye hana muda wa kulisha mtoto mara nne huambiwa atafute muda wa kuotesha ulezi. Dawa ya kukosa muda haiwezi kuanza kwa kudai muda.

Yaliyofuata ni sehemu ya huzuni katika historia hii. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 serikali iliingia katika masharti ya kubana matumizi, na katika miaka ya 1990 uchangiaji wa gharama uliingia katika huduma za afya. Fedha za mpango zilikwisha. Mhudumu wa afya wa kijiji ni mtu mwenye shamba na watoto wake mwenyewe, na posho ikikatika hurudi shambani. Kituo cha mchana bila mchango wa unga ni kibanda kitupu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Katika Songwe ilikuwa takriban asilimia 32. Katika Iringa ile ile ya sifa ilikuwa karibu asilimia 57, ya juu kuliko mikoa yote, na Njombe, iliyokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, ilifikia nusu ya watoto wake. Udumavu na uzito pungufu ni vipimo viwili mbalimbali, kwa hiyo haifai kuweka hesabu za mwaka 1988 na za mwaka 2022 katika mizani moja. Lakini hata msomaji mwenye tahadhari hawezi kukwepa maana yake: mikoa inayolisha taifa haijaweza kulisha watoto wake wadogo, na ujuzi uliokuwapo haukutosha kujilinda wenyewe.

Sheria nayo imesema neno lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na humruhusu saa zisizozidi mbili kwa siku kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Hapa serikali imekiri kwamba ulezi ni kazi na kwamba kazi hutaka muda. Lakini mwajiri wa mama wa Mbebe ni mvua. Mvua haitoi likizo, wala palizi haingoji mtoto aachishwe ziwa. Wengi wa mama wa nchi hii wako nje ya sheria hiyo, si kwa sababu sheria imewabagua kwa jina, bali kwa sababu imeandikwa kwa mtu mwenye ofisi na mshahara.

Siku hizi katika maduka na masoko ya nchi huuzwa unga wa lishe, uliochanganywa nafaka na kunde za namna nyingi, na mara nyingi ulezi huwa mmojawapo. Mama hununua kwa kuamini kwamba wingi wa namna ndio ubora. Pengine unga huo ni mzuri, pengine si mzuri. Ila kwa kawaida hauna kimea, na ukipikwa huvimba kama unga mwingine, na mama huongeza maji kama alivyofanya mama yake. Hivyo uvumbuzi umepotea mara mbili: mara ya kwanza kwa aibu ya pombe, mara ya pili kwa haraka ya dukani. Nao haukupotea kwa kuwa ulikuwa wa uongo. Ulipotea kwa sababu kila kizazi cha walimu kilikwenda kwa mama na kitu cha kumfundisha, na ni wachache tu waliokwenda na swali la nani atamshikia mtoto wakati anapofanya aliyofundishwa.

Fundisho la historia hii halidai kurudi nyuma. Dada asitolewe shuleni ili kubeba mtoto, wala mahindi yasing'olewe ili kupanda ulezi kila mahali. Ladai jambo jepesi kusema na zito kutenda. Kimea cha nyumba ishirini chaweza kuoteshwa na kusagwa na mikono michache kwa zamu, kikagawiwa kwa vijiko. Kituo cha mchana chaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kijiji kama zilivyo shule na zahanati, na anayepika uji ndani yake akalipwa kama anavyolipwa mwalimu. Mizani yaweza kurudi uwanjani kila miezi mitatu, na hesabu zake zikasomwa mbele ya baba pia, maana mtoto aliye katika rangi nyekundu si aibu ya mama peke yake. Mambo haya yote yamekwisha kujaribiwa katika nchi hii, katika kumbukumbu ya watu walio hai, nayo yalifaa.

Wazee waliosema kwamba mkono mmoja haulei mwana hawakuwa wakimsifu mama kwa uvumilivu wake. Walikuwa wakitaja upungufu. Ulezi wa nafaka huota kwa sababu mtu fulani aliuloweka, akaufunika, akaungojea. Na ulezi wa mwana ni vivyo hivyo. Mama wa Mbebe amekuwa na nafaka hiyo na ujuzi huo tangu zamani. Anachodai bado ni ule mkono wa pili.